Unga wa "kwa utafiti tu" wenye cheti cha 99%: unapungukiwa nini na dawa ya famasi?

KauntaYaUmoja

Wadau, habari za jioni. Swali la kikazi kutoka kaunta ya duka la dawa hapa Nairobi.

Wateja wanakuja na simu mkononi wakinionyesha vichupa vya unga mweupe vinavyouzwa mtandaoni: semaglutidi na tirzepatidi (za sukari na kupunguza uzito), na BPC-157 (inayotangazwa kuponya majeraha). Lebo inasema "kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu", lakini muuzaji huyo huyo anakuongezea sindano za insulini na maji ya kuchanganyia. Kuna na cheti cha uchambuzi: usafi 99.3%. Basi mteja ananiuliza, kalamu ya sindano ya kiwandani inanitoa jasho kwa bei, na hii ni asilimia 99, nalipia nini zaidi ya jina la kampuni?

Nikimwambia "haijasajiliwa" nasema kweli, ila jibu hilo halimwingii. Nataka jibu la ndani: hiyo 99% inapima nini, kitu gani hakikupimwa, na cheti chenyewe kinasomwaje. Mnaojua, tafadhali msinipe mahubiri, nipeni namba.

---

Mkemia_wa_Safu

Anza na hiyo 99.3%, maana ndiyo inayouza. Ni asilimia ya eneo la kilele kwenye HPLC, mashine inayotenganisha vitu kwa kuvipitisha kwenye safu, kwa kawaida kwa mwanga wa nanomita 214 au 220, pale ambapo kifungo cha peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino, kama hivyo vitatu ulivyotaja) hufyonza mwanga. Kwa hiyo inasema hivi tu: kati ya vyote vilivyopita kwenye safu na kufyonza mwanga huo, 99.3% vilitoka katika kilele kimoja. Haisemi kwamba 99.3% ya unga ulio kichupani ni peptidi. Maji hayaonekani hapo, chumvi hazionekani, bakteria na mabaki yao hawaonekani. Changanya peptidi safi na chumvi ya mezani nusu kwa nusu, upime tena: cheti kitasoma 99% vile vile.

Tufanye hesabu ya BPC-157. Ina asidi amino 15 na uzito wa molekuli 1419.5. Peptidi nyingi za maabara hutoka kwenye usafishaji zikiwa zimeshikana na asidi ya trifluoroasetiki, TFA kwa kifupi, molekuli moja kwa kila sehemu yenye ubesi. Hii ina sehemu mbili kama hizo: mwanzo wa mnyororo, na lisini moja. TFA moja ni 114, mbili ni 228. Gawa 1419.5 kwa 1647.5, unapata 86%. Unga huu hunyonya unyevu, basi toa maji, tuseme 5%, unabaki na karibu 82%. Kichupa chenye miligramu 5 za unga kina miligramu 4.1 za peptidi, na hakuna mtu aliyeghushi cheti. Ndiyo maana mtengenezaji makini huandika mstari wa pili, kiasi halisi cha peptidi, uliopimwa kwa nitrojeni au kwa kuvunjavunja asidi amino na kuzihesabu. Mstari huo ukikosekana, namba ya miligramu kwenye lebo ni uzito wa kila kilichomo.

Sasa uchafu wenyewe. Njia ya kawaida ya maabara ni ile aliyoanzisha Merrifield mwaka 1963: unafunga asidi amino ya kwanza kwenye chembe za resini, unaongeza moja moja, unaosha kila hatua, mwisho unakata mnyororo kutoka kwenye resini kwa TFA. Kila hatua ikifaulu kwa 99%, inaonekana nzuri. Lakini mnyororo wa asidi amino 31 kama semaglutidi una hatua 30, na 0.99 ikizidishwa mara 30 inakupa 0.74. Robo nzima ni minyororo yenye kasoro, mingi ikiwa imepungukiwa na asidi amino moja tu mahali fulani. Hiyo ndiyo inayosumbua, kwa sababu inafanana sana na ile halisi na inaweza kujificha chini ya kilele hicho hicho iwapo mchambuzi ameendesha HPLC haraka haraka kwa dakika kumi. Kuna pia asidi amino zinazojigeuza kutoka umbo la L kwenda la D (kama picha yake kwenye kioo) wakati wa kuunganishwa. Histidini na sisteini zinaongoza kwa ukaidi huo. Uzito wake ni ule ule, kwa hiyo hata spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli, haioni kitu.

Semaglutidi ya Novo Nordisk haianzi hivyo. Mnyororo wake unakuzwa ndani ya hamira, kisha mkia wa mafuta unaunganishwa kwa kemia. Kwa hiyo hata orodha ya uchafu unaotarajiwa si moja. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2021 kuhusu baadhi ya peptidi za kutengenezwa kwa kemia zinazoiga zile zilizokuzwa kwenye chembe hai, inataka kila uchafu wa kipeptidi unaofika 0.10% utambuliwe ni nini hasa, na ule mpya usiokuwa kwenye dawa ya asili usizidi 0.5%. Hofu yao ni kinga ya mwili: mnyororo wenye kasoro unaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili. Sasa rudi kwenye cheti cha mteja. Ile 0.7% iliyobaki ni nini? Hakuna aliyeuliza.

---

Pipeti_Saba

Mkemia yuko sawa, ila tusizipake matope peptidi za utafiti. Kwa kazi yake ni bidhaa nzuri, na bei ni ndogo kwa sababu kazi hiyo haihitaji mengine. Ukitengeneza kingamwili za sungura, 80% inatosha. Kwa majaribio ya vimeng'enya au vipokezi, 95% kwenda juu.

Hata kwenye kazi hiyo tunachukua tahadhari ambazo mnunuzi wa mtandaoni hazijui. Kichupa kikitoka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri hakifunguliwi papo hapo. Kinaachwa kifikie joto la chumba ndani ya chombo kikavu chenye silika, la sivyo unyevu wa hewa unaganda juu ya unga na hesabu yote inaharibika. Peptidi yenye ubesi inayeyushwa kwa maji, yenye asidi inaongezewa amonia kidogo, ile inayokataa maji inaanzwa kwa kiyeyusho cha DMSO, isipokuwa ikiwa na sisteini au methionini kwa sababu DMSO huzioksidisha. Kisha inagawanywa kwenye mirija midogo ya matumizi ya mara moja, kwa kuwa kugandisha na kuyeyusha tena na tena huiharibu. Na ukiipunguza nguvu sana inajishika kwenye plastiki, unabaki na maji matupu ukidhani una dawa.

TFA inasumbua seli hata kwa kiwango kidogo, ndiyo maana kwa kazi ya seli tunaagiza chumvi ya asetati au ya hidrokloridi. Endotoksini ndiyo mbaya zaidi: nanogramu moja kwa mililita yatosha kuamsha makrofaji (seli za kinga), halafu unaandika kwamba peptidi yako inaleta uvimbe kumbe ni vipande vya ukuta wa bakteria.

Jina lenyewe linapotosha. "Kwa utafiti" maana yake mirija, seli, na wanyama wa maabara. Utafiti wa kumdunga binadamu hapa Kenya unahitaji idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu (PPB), kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na bidhaa inayotumika lazima iwe imetengenezwa kwa kanuni za utengenezaji bora wa dawa. Yaani unga wa "kwa utafiti" haukubaliki hata kwenye utafiti wa watu.

---

LainiMbili

Niwapinge kidogo. Peptidi nyingi zinatoka viwanda vya China, na baadhi ya viwanda hivyo vinauzia kampuni za dawa pia. Halafu siku hizi wauzaji wanapeleka sampuli kwa maabara huru, ambayo inapima usafi, uzito wa molekuli, hadi endotoksini. Mtu akiwa na ripoti hiyo ya bechi yake, bado amekosa nini? Au tunatetea tu karatasi?

---

Bechi_na_Rekodi

Swali zuri na halina jibu la mstari mmoja, kwa hiyo vumilia.

Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na laini mbili chini ya paa moja. Ile ya dawa ina rekodi ya bechi: nani alipima, mzani gani, lini mzani ulikaguliwa, kiyeyusho kilitoka kwa nani, joto la kila hatua, na nini kilifanywa pale mambo yalipokwenda kombo. Ikitokea tatizo, bechi inafuatwa hadi kwa mgonjwa na kurudishwa. Laini nyingine haidaiwi hayo. Kusema "ni kiwanda kile kile" ni kama kusema maji ya choo na ya jikoni yanatoka kwenye tangi moja. Ndiyo, lakini mabomba?

Hoja ya maabara huru ina uzito zaidi, na hapo ndipo hesabu inapoleta aibu. Chukua kipimo cha kuthibitisha kwamba sindano haina vijidudu. Famakopia ya Marekani, kitabu rasmi cha viwango vya dawa, kwa bechi ya vichupa zaidi ya 500 inachukua hadi vichupa 20, vinawekwa kwenye vyakula viwili vya bakteria na kuachwa siku 14. Sasa tuseme kichupa kimoja katika kila 100 kina bakteria. Uwezekano wa vichupa 20 vyote kuwa safi ni 0.99 ikizidishwa mara 20, yaani 0.82. Mara 82 kati ya 100 bechi hiyo mbovu inapita! Kila kiwanda cha dawa kinajua kwamba kipimo hiki peke yake hakithibitishi kitu. Kinachotegemewa ni mchakato: chumba cha hewa iliyochujwa, kichujio cha mikromita 0.22 kinachojaribiwa kama hakijapasuka, vichupa vilivyookwa, wafanyakazi wanaojaribiwa mara kwa mara kwa kujaza mchuzi safi unaolisha bakteria badala ya dawa ili kuona kama kitu kitaota. Maabara huru inayopokea kichupa kimoja kwa posta haioni lolote katika hayo. Imepima kichupa kilichotumwa, na mteja wa KauntaYaUmoja atajidunga kingine.

Endotoksini nayo ina ujanja wake. Kichujio cha 0.22 kinazuia bakteria lakini hakizuii endotoksini. Inapita kama maji kwenye kitambaa. Kuchemsha hakuiui, mvuke wa otoklevu hauitoshi. Glasi huokwa nyuzi 250 kwa dakika 30. Maji yenye alkoholi ya benzili 0.9%, yale wanayoyaongeza kwenye kifurushi, yanazuia bakteria kuongezeka lakini hayagusi endotoksini iliyokwisha kuingia. Kikomo cha kawaida cha dawa ya kudungwa ni yuniti 5 kwa kila kilo ya mwili kwa saa, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana nafasi ya yuniti 350. Ukipita hapo unapata homa, baridi ya kutetemeka, presha kushuka.

Na hakuna ripoti ya kununua inayokupa uthabiti. Kiwanda cha dawa kinaweka bechi kwenye makabati ya joto na unyevu maalumu kwa miezi na miaka ili kiandike tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe iliyo kwenye kichupa cha utafiti, kama ipo, muulize muuzaji ameipata kwa jaribio gani.

---

Mkemia_wa_Safu

Nilisahau sehemu ya kusoma cheti.

Kwanza namba ya bechi kwenye cheti ilingane na ya kichupa, na tarehe ya uchambuzi iwepo. Nambari ya bechi kwenye cheti na hakuna kwenye kichupa ni kama logbuku bila gari. Pili tazama kromatogramu yenyewe (mchoro wa vilele vya HPLC), si jedwali: iwe na mhimili wa muda, aina ya safu, viyeyusho, urefu wa wimbi. Mstari wa chini ulionyooka kama rula unatia shaka, na picha ile ile ikitokea kwenye peptidi mbili tofauti umemaliza kazi.

Tatu, fanya hesabu ya masi, haihitaji mashine. Semaglutidi ni 4113.6. Ikibeba chaji tatu inaonekana 1372.2, chaji nne 1029.4, chaji tano 823.7. Unachukua uzito, unaongeza 1.007 kwa kila chaji, unagawa kwa idadi ya chaji. Vilele visipoangukia hapo, hiyo si semaglutidi. Vikiangukia, ni molekuli ya uzito huo. Umbo la D, kiasi, na usafi wa vijidudu bado hujavijua.

Nne, tafuta visivyokuwepo: kiasi halisi cha peptidi, maji kwa kipimo cha Karl Fischer, aina ya chumvi, mabaki ya viyeyusho, endotoksini, vijidudu. Cheti cha utafiti mara nyingi kina mistari miwili mitatu. Cha dawa kinajaza ukurasa.

---

Wodi_na_Kalamu

Mimi niongeze upande wa mgonjwa, kwa sababu hata unga ukiwa safi kabisa, kuna mtu wa kuupima jikoni.

Sindano ya insulini ya U-100 ina uniti 100 kwa mililita. Uniti hizo ni za ujazo wa insulini, hazina uhusiano na miligramu za peptidi nyingine. Mtu akiweka mililita 1 ya maji badala ya 2, kila mstari kwenye sindano sasa una dozi maradufu. Akisoma "miligramu 0.25" akavuta hadi uniti 25, amekosea tena kwa njia yake, isipokuwa kila mililita iwe na miligramu 1 hasa. Mwaka 2024 FDA ilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi za vichupa zilizochanganywa na wafamasia, ambapo wagonjwa walijidunga mara 5 hadi 20 ya dozi iliyokusudiwa. Hizo zilikuwa na mfamasia na maelekezo. Kalamu inakufungia kosa hilo: unazungusha, inasimama.

Halafu baridi. Kalamu ya Ozempic (semaglutidi ya Novo Nordisk) kabla ya kufunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ikishaanza kutumika, lebo ya Marekani inairuhusu chini ya nyuzi 30 kwa siku 56. Namba hizo zimetokana na majimaji hayo hasa, yenye fosfati, fenoli na pH ya 7.4. Huwezi kuzihamishia kwenye unga ulioyeyushwa nyumbani. Ukiona majimaji yana utando, nyuzinyuzi au ukungu, peptidi imeshikamana na kutikisa hakuirudishi. Fikiria pia kifurushi kilichoshinda kwenye sanduku la bodaboda juani kutoka mjini hadi Rongai.

Msimwambie mteja kwamba kalamu yoyote ni salama, lakini. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari ya bechi tatu bandia za Ozempic, zilizoonekana Brazil, Uingereza na Marekani. Anunue penye stakabadhi, na namba ya bechi kwenye boksi na kwenye kalamu zilingane.

Wakija wakimbiaji na watu wa jimu, BPC-157 ina shida ya ziada: haijaidhinishwa na FDA, na tangu 2022 imetajwa kwenye orodha ya WADA (shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni) chini ya S0, kundi la vitu visivyoidhinishwa, marufuku ndani na nje ya mashindano. Mwanariadha anawajibika kwa kilichomo mwilini hata kama lebo ilidanganya.

Kwako wewe mwenye kaunta: lebo ya "kwa utafiti tu" haikukingi ukiiuza pamoja na sindano na dozi. Hapo umeuza dawa isiyosajiliwa. FDA imewaandikia wauzaji wa Marekani barua za onyo kwa mchezo huo huo, na sheria yetu ya famasia, Sura ya 244, haina mlango wa nyuma kwa maneno hayo.

---

KauntaYaUmoja

Asanteni sana, hasa hesabu ya vichupa 20 na ile ya chumvi ya mezani. Hiyo mteja ataielewa bila shule. LainiMbili, na wewe asante kwa kuchokoza.

Moja la mwisho. Kuna ambaye ameshajidunga, kichupa kiko kwenye friji nyumbani, na anasema alitetemeka usiku ule. Namwambia afanye nini leo, si kesho?

---

Wodi_na_Kalamu

Asiguse tena kichupa hicho. Homa na kutetemeka ndani ya saa chache baada ya sindano, fikiria endotoksini au bakteria. Aende hospitali aonwe leo hata kama homa imeshuka, na aseme wazi alijidunga nini na lini. Kama pale alipodunga pamevimba, pana joto au usaha, vivyo hivyo. Kama ni semaglutidi na anatapika bila kukoma, au tumbo linauma sana na maumivu yanakwenda mgongoni, asingoje. Kongosho lake linahitaji kuangaliwa. Dawa hii inapungua nusu kwa takriban wiki moja, kwa hiyo aliyezidisha dozi haangaliwi saa mbili na kuruhusiwa. Uliza pia kama anatumia insulini au vidonge vya sukari, kwa sababu hapo sukari inaweza kushuka vibaya.

Wewe jaza fomu mbili za PPB: ya njano ya madhara ya dawa, na ya waridi ya bidhaa yenye ubora wa kutiliwa shaka. Kichupa kisitupwe. Kikae kwenye friji hiyo hiyo, kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na sindano aliyotumia ikiwa kwenye chombo kigumu, maji aliyochanganyia, na boksi. Piga picha lebo pande zote, na chini ya kifuniko pia. Mara nyingine namba ya bechi imechapishwa hapo tu.